Ukihisi mtoto wa jirani anateseka: unaanzia wapi, na ustawi wakija wanafanya nini

Mwezi wa saba Mbeya wenyeji mnaujua, saa kumi na mbili asubuhi ukitoa mkono nje ya kanga unahisi umeuchovya kwenye ndoo ya barafu. Nina genge huku Ilomba, nafungua mapema kwa ajili ya akina mama wanaowahi Mwanjelwa. Kuna kabinti kalikuwa kanakuja kununua mafuta ya kula ya jero, miaka saba nane hivi, peku, kasweta kamefumuka kwapani. Siku hiyo kakanyoosha mkono kunipa hela nikaona juu ya kiganja kidonda cha moto, kibichi, kinang'aa, hakijapakwa hata kitu. Nikamuuliza mwanangu umefanyaje? "Nimeungua na jiko." Alijibu haraka kama kitu alichokariri, afu mkono akaurudisha ndani ya sweta. Nikampimia mafuta, nikamuongezea kidogo, akaenda zake.

Nikakaa na hiyo kitu siku nne. Siku nne nzima najiambia yasiyonihusu, mtoto wa watu, nisije nikaonekana mmbea.

(Nimebadilisha vitu viwili vitatu hapa ili mtoto asijulikane, na nyie mkisimulia ya kwenu fanyeni hivyo hivyo. Zile picha za watoto wenye makovu mnazorusha kwenye magrupu ya WhatsApp "jamani tusambaze afike kwa wahusika" mtoto anakuja kukutana nazo akiwa kidato cha tatu.)

Tangu niingie kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa, zile kamati za MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili ulioanza 2017/18, watu wananiuliza maswali mawili tu kila siku hayo hayo. La kwanza, "sasa kama sina ushahidi?" La pili, "nikisema si watamchukua mtoto wa watu?" Kwa hiyo naandika mara moja, mtu akiuliza tena namtumia hii.

Tuanze na ushahidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inasema ni wajibu wa mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi, mlezi au ndugu anayekaa nae ana uwezo ila anakataa au anapuuza kumpa chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, hata muda wa kucheza, apeleke habari kwenye serikali za mitaa za eneo lake. Ushahidi AU taarifa. Hiyo AU ndio inatubeba sisi wauza nyanya. Kuthibitisha ni kazi ya afisa ustawi na polisi. Wewe ukianza upelelezi wako, unamvizia mtoto njiani, unamhoji huku unampa pipi, unarekodi na simu, unaharibu, maana mtoto akishaulizwa na wakubwa watano tofauti anaanza kutafuta jibu litakalowafurahisha, na huko mbele mahakamani hizo tofauti za majibu ndio wakili wa upande wa pili anakuja kuzichezea.

Kazi yako ni kuandika. Mimi nliandika nyuma ya daftari la madeni: "Jumanne saa 12 na dakika kumi asubuhi, peku, kidonda cha moto juu ya kiganja cha kulia, kasema nimeungua na jiko. Alhamisi hakuja. Ijumaa kaja na mdogo wake mgongoni, kidonda kina usaha." Basi. Usiandike "mama yake katili" wala "baba wa kambo ndio anamchoma", huko ni kuhukumu, andika ulichoona kwa macho na maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Daftari la namna hiyo afisa akilisoma anapata pa kuanzia, tofauti na yule anayefika ofisini analia anasema "yule mtoto anateswa jamani" akiulizwa lini, wapi, vipi, hana.

Kabla sijaenda mbele kuna jambo moja linatusumbua sana huku nyanda za juu, kutofautisha dhiki na kutelekeza. Huku tunalima mahindi, viazi, maharage mpaka tunalisha mikoa mingine, lakini utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta Iringa watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa ni kama 57 kati ya 100, Njombe 50. Kwa hiyo mtoto mfupi mwembamba peke yake hakwambii kitu, nusu ya darasa yuko hivyo. Rudi kwenye maneno ya sheria, "ana uwezo ila anakataa". Bibi wa Makete anayelea wajukuu wanne ambao wazazi wao ukimwi uliwamaliza, watoto wanashindia kiazi na chumvi, yule bibi hajakataa kitu, hana. Huyo nae mpelekee ustawi taarifa, lakini kwa sura nyingine kabisa, wamuunganishe na TASAF, sare, matibabu, na afisa akija kwake anaanza na shikamoo bibi. Ila mzazi anayeuza gunia la viazi kisha pesa yote inaishia kilabuni, msimu wa ulanzi huko Iringa au komoni huku kwetu, watoto wamefungiwa ndani na kufuli mpaka saa tano usiku na kibatari kinawaka, hiyo ni habari nyingine na usiifunike na neno maisha magumu.

Viboko pia watu wananiuliza. Kumrudi mtoto kwetu bado kunaruhusiwa, hata shuleni kuna utaratibu wake, visivyozidi vinne na kwa idhini ya mkuu wa shule, mimi binafsi sivipendi ila ndio hali ilivyo. Lakini sheria hiyo hiyo kifungu cha 13 inakataza mateso na adhabu za kikatili. Waya wa umeme, mwiko wa moto, kufungwa kamba, kunyimwa kula siku nzima, kuwekwa nje usiku wa baridi ya Uyole, hapo hatujadili tena malezi.

Haya, unamwambia nani. Njia ya kawaida ni mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa mtaa au kijiji, afu mtendaji wa kata na afisa ustawi wa jamii. Kata zingine zina afisa ustawi wake, zingine unaenda mpaka halmashauri, ukifika getini sema tu naulizia ustawi wa jamii watakuonyesha. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, mara nyingi chumba chake cha pembeni na askari asiye na sare. Na kuna 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bure mitandao yote, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Ile wanaiendesha C-Sema, wanapokea halafu wanaunganisha na ustawi wa wilaya husika.

Mi naipenda 116 kwa sababu iliyonikuta. Miaka ya nyuma, mtaa nliokuwa naishi kabla ya huu, nlienda kwa kiongozi mmoja nikamweleza habari za mtoto anayelala nje. Yule bwana akanishukuru sana, akavaa koti, akaenda moja kwa moja kwa mama mtoto akamwambia "mama muuza genge anasema unamlaza mtoto nje". Jioni nlitukanwa mbele ya wateja, na yule mtoto akapelekwa kijijini kwa ndugu wala sikujua yaliishaje. Alivunja siri, na pia hakupeleka kwa mtu yeyote mwenye taaluma, alidhani kazi yake ni kusuluhisha. Kwa hiyo ukienda kwa kiongozi wa mtaa mwambie waziwazi: "Naomba hii uifikishe kwa afisa ustawi, na jina langu usilitaje." Ukiona anasitasita ondoka, piga simu.

Ukipiga usijipange kama unatoa hotuba. Watataka kujua mtoto yuko wapi, na hapo ndio watu wanafeli, unasema "Ilomba" kana kwamba Ilomba ni nyumba moja. Toa alama: unashuka kituo gani, unapita karibu na kanisa gani, geti rangi gani, au anasoma shule gani darasa la ngapi. Umri hata wa kukadiria. Anaishi na nani. Je, saa hii tunavyoongea yuko hatarini? Hilo swali lijibu kwa ukweli, usiongeze chumvi ili waje haraka, maana wakituma mtu na askari mbio mbio wakakuta mtoto anakula ugali, siku ukiwa na dharura ya kweli hawatakupa uzito ule ule. Jina lako unaweza kuomba lisitajwe, ila ukiacha namba inasaidia wakitaka kurudi kukuuliza geti ni la bluu au kijani.

Sasa swali la pili, lile la "watamchukua". Hii hofu ndio inafunga midomo kuliko hata uchawi. Ukweli ni kwamba kumtoa mtoto nyumbani ni jambo la mwisho mwisho, na afisa wengi wanalikwepa kadri wanavyoweza, mahali pa kuwaweka penyewe pako wapi?

Kinachotokea ni hivi. Afisa anapokea, anaandika, anapima uzito wa jambo: hili la leo, hili la wiki hii. Afu anakwenda nyumbani, mara nyingi na mtu wa maendeleo ya jamii au mjumbe wa kamati, na hawaji wakisema "tumeletewa kesi", wanakuja kwa upole, karibu na jioni watu wakiwa wamerudi. Anaangalia vitu ambavyo mimi na wewe hatuviangalii. Mtoto analala wapi, juu ya nini. Kadi ya kliniki ipo? Madaftari ya shule yana tarehe za karibuni? Anaongea na mtoto peke yake, mahali anapoonekana ila hasikiki. Anaongea na mwalimu. Anauliza nani mwingine anaingia humo ndani, mjomba, mpangaji, kijana wa bodaboda. Kisha anakaa na wenzake wanaohusika na hilo shauri wanapanga: mtoto anahitaji nini, nani atafanya, lini watarudi kuangalia.

Sheria inampa afisa ustawi nguvu ya kumwita aliyelalamikiwa ofisini wakaongea na akatoa uamuzi kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Mengi yanaishia hapo, mzazi anaambiwa mtoto aende hospitali leo, Jumatatu awe darasani, kufuli la nje likome, mwezi ujao tunakuja. Asipotii, afisa anapeleka suala mahakamani, na mahakama inaweza kumtaka mzazi asaini hati ya ahadi kwamba atamtunza mtoto ipasavyo. Hali ikiwa mbaya kweli ndio inaombwa amri ya matunzo, mtoto anatolewa kwa kipindi kisichozidi miaka mitatu au mpaka afikishe 18, kinachotangulia. Na hata hapo wanaanza kutafuta ndani ya ukoo, shangazi, mama mdogo, babu, wakikosa ndio familia ya kuaminika, yaani familia iliyochunguzwa na ustawi kabla ya kupewa mtoto, makao ya watoto yanakuja mwishoni kabisa.

Na tafadhali, hili la Irambo lifike mwisho. Nasikia wazazi huku Mbeya wanawatishia watoto "nitakuitia ustawi wakupeleke Irambo". Irambo ni shule ya maadilisho, ya watoto waliotiwa hatiani na mahakama. Mahabusu ya watoto nayo ni ya wanaosubiri kesi zao. Mtoto aliyeteswa hapelekwi huko. Hilo tishio linafanya mtoto anayepigwa akimuona afisa ustawi akimbie kujificha chooni, nimeona kwa macho yangu, tulimbembeleza nusu saa.

Kuna hali huanzi na daftari wala mjumbe, unakimbia. Mtoto amebakwa au kulawitiwa, amevunjika, ameungua sana, hajitambui. Kwa hili la kingono naomba msome taratibu. Usimuogeshe hata kama anaomba. Nguo alizokuwa nazo zifunge kwenye karatasi au kanga safi kavu, usizitie kwenye nailoni zitaharibika. Hospitali ndani ya saa 72, huo ndio muda ambao dawa za kuzuia VVU zinafanya kazi, na kila saa unayochelewa nguvu yake inapungua, kwa mikoa yetu hii ambayo Njombe, Iringa na Mbeya ziko juu kabisa kwa maambukizi usicheze na hizo saa. PF3, ile fomu ya matibabu, inatoka polisi na inahitajika kwenye kesi, lakini kama mtoto anavuja damu anza na hospitali, mwenzako aende polisi kuifuata na kuchukua RB, yaani namba ya taarifa iliyofunguliwa. Mtoto usimhoji. Mwambie tu "umefanya vizuri kuniambia, na si kosa lako", mengine atayasema kwa wanaojua kuuliza. Na wavulana jamani, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, lakini kwenye kamati mimi naletewa habari za wasichana tu.

Wazee watakuja. Lazima waje. Jioni, wawili watatu, wamevaa vizuri, wanaomba tuyamalize kifamilia, kijana ni wa ukoo, kuna ng'ombe wawili, kuna laki tano. Ubakaji wa mtoto ni kesi ya Jamhuri, adhabu yake inaanzia miaka 30, na kama binti ni chini ya miaka kumi ni maisha, kwa hiyo hakuna mzee mwenye mamlaka ya kuifuta. Ukikosa la kujibu sema jambo liko polisi mzee wangu, nami sina uwezo nalo. Ukiona wanazidi, peleka habari kwa Dawati la Jinsia pale polisi. Kesi nyingi hazifi kwa kukosa ushahidi, zinafia hapo kwenye kiti cha sebuleni, mama wa mtoto anaacha kwenda mahakamani.

Mabinti wa kazi sitaongea sana ila niseme kidogo, maana Mufindi, Njombe, Iringa vijijini ndio nchi nzima inakuja kuchukua. Sheria inataka asiwe chini ya miaka 14, kazi nyepesi, na asifanyishwe kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Ukiona stendi, Nanenane hapa au Igumbilo Iringa, mtu mmoja ana vibinti vitatu havijuani, simu zao kashika yeye, kimoja hakijui kinaenda mji gani, ongea na polisi wa stendi kabla basi halijaondoka. Likishaondoka unapiga 116 na namba ya gari.

Ukisharipoti fuatilia. Chukua jina la afisa aliyekupokea na tarehe, baada ya wiki ulizia. Hawatakwambia yaliyomo, ni siri ya mtoto, usikasirike, unachotakiwa kusikia ni "tumefika, tunaendelea". Ukisikia "bado hatujapata usafiri" mara mbili, na utasikia, maana afisa mmoja anabeba kata kadhaa na pikipiki ya ofisi haina mafuta, basi panda juu, halmashauri, au rudia 116 useme taarifa yako ya tarehe fulani haijafanyiwa kazi. Na wewe endelea kuandika tarehe. Mwalimu wa mtoto mshirikishe, yeye anamuona siku tano kwa wiki.

Habari ya yule kabinti niliitolea taarifa kwa simu siku ya tano. Miezi imepita, mama yake alikuja gengeni kununua nyanya, akakaa kwenye kreti akaanza kunisimulia mwenyewe, hajui kitu. "Dada'angu ustawi walikuja kwangu, nlitetemeka, nikajua wananinyang'anya wanangu." Kumbe anauza chakula usiku stendi ya malori, anatoka saa mbili anarudi saa moja asubuhi, baba watoto yuko machimbo Chunya hajatuma hata mia. Binti alikuwa anaamka saa kumi na moja anawasha mkaa apikie wadogo zake uji na vitumbua vya kupeleka shule. Kweli aliungua na jiko. Mimi kichwani nlishamfunga mama jela.

Walimpa nini? Mtoto alipelekwa zahanati siku ile ile. Baba aliitwa, sasa anatuma, kidogo, lakini anatuma. Mama mdogo amekuja kutoka Tukuyu analala na watoto. "Na yule dada wa ustawi ana maneno makali," akasema huku anachagua nyanya ngumu, "ila nguo za sweta alileta mwenyewe." Akalipa, nikamuongezea mbili. Binti sikuhizi anakuja saa moja na nusu, na yeboyebo na soksi, akinyoosha mkono kovu linaonekana, na bado anataka mafuta ya jero yajae kama ya buku.